Gari ni Lako, Funika Hiyo Plastiki Inayong'aa

Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya PHP na hifadhidata, leo mtanivumilia. Leo nina ugomvi na plastiki.

Si plastiki yote, jamani. Nazungumzia ile nyeusi inayong'aa kama kioo, ambayo wauza magari huiita nyeusi ya piano. Imeenea ndani ya magari kama magugu shambani: kuzunguka gia, kwenye swichi za madirisha, pembeni mwa redio, kwenye fremu za matundu ya hewa, mpaka kwenye usukani wenyewe. Siku ya kwanza inapendeza, sikatai. Siku ya pili ina alama za vidole. Siku ya tatu ina vumbi. Baada ya mwezi ina mikwaruzo midogo midogo kama utando wa buibui, na jua likiipiga unaona kila mmoja wake.

Msimamo wangu ni huu, nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae: ifunike. Tumia vinili pale inapowezekana, na rangi ya kubandua pale vinili inaposhindwa. Wala usimwombe mtu ruhusa.

Najua watu watacheka. Nchi ina matatizo, huyu analia plastiki ya gari! Lakini mimi kazi yangu ni kutengeneza vitu ambavyo watu hutazama na kugusa siku nzima, na najua mtu anapouziwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya dakika tano za dukani badala ya miaka kumi ya kukitumia. Kuna programu za aina hiyo nyingi. Zinang'aa kwenye maonyesho halafu zinamtesa karani anayezitumia kila siku. Plastiki hii ni ndugu yao wa tumbo moja.

Tuanze na macho, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la urembo.

Uso laini wa plastiki hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoupiga wima, na zaidi ya hapo kadiri mwanga unavyoujia kwa kulala. Asilimia 4 inasikika kama kitu kidogo. Ndiyo, ni kidogo kama mwanga wenyewe ni taa ya chumbani. Asilimia 4 ya jua ni kitu kingine kabisa. Ni nukta kali inayokuchoma jicho na kukuachia doa mbele ya macho hata baada ya kutazama pembeni. Plastiki isiyong'aa nayo hurudisha mwanga, ila huutawanya kila upande, kwa hivyo jicho lako hupata sehemu ndogo tu. Inayong'aa huutuma wote upande mmoja. Na gari likiwa linakata kona, upande huo mmoja mapema au baadaye utakuwa uso wako.

Sasa fikiria Nairobi. Tuko karibu na ikweta, jua linachomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Anayekaa Syokimau au Athi River huingia mjini asubuhi akiwa amelipa jua kisogo, na jioni akirudi nyumbani jua liko kisogoni tena. Vivyo hivyo wa Thika Road. Mwanga wa chini unapita kioo cha nyuma, unapiga ule ukanda unaong'aa wa dashibodi, unamrudia dereva machoni. Anayetoka Kikuyu kwa Waiyaki Way naye ana shida ya kinyume: jua liko mbele yake asubuhi na jioni. Kufikia saa tatu asubuhi limepanda kiasi cha kupenya kioo cha mbele na kushuka mpaka kwenye ile sinia nyeusi inayozunguka gia, kisha linaruka juu kuelekea kidevuni na machoni. Hakuna upande wa mji uliosalimika, tofauti ni panelichi ipi inayokupiga.

Nimeambiwa nivae miwani ya jua. Asante. Ile miwani inayochuja mwakisiko husaidia kweli, lakini ukiivaa skrini nyingi za ndani ya gari huwa giza au hubadilika rangi. Yaani ninunue dawa ya kosa la mtu mwingine, halafu dawa yenyewe inizimie ramani!

Watengenezaji si wajinga, na hilo ndilo linaloudhi. Wanajua. Tazama juu ya dashibodi, pale chini ya kioo cha mbele. Hakuna mwenye akili anayepang'arisha hapo, kwa sababu picha ya dashibodi ingeonekana kwenye kioo na dereva asingeona barabara. Zile chembechembe za ngozi ya bandia unazozigusa kwenye dashibodi ya kawaida zina kazi: zinatawanya mwanga, zinaficha mikwaruzo, zinaficha na dosari za plastiki ilipomiminwa kwenye kalibu. Ni uhandisi mzuri wa kimya kimya. Kisha ukishuka sentimita ishirini tu, mhandisi amefukuzwa na mtu wa mauzo ameingia.

Kwa nini? Kwa sababu chini ya taa za duka la magari nyeusi inayong'aa inaonekana ghali. Inakumbusha piano, na piano inakumbusha sebule ya tajiri. Lakini ung'avu wa piano halisi hutokana na kupakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa. Ung'avu wa gari lako, mara nyingi, umetokana na kalibu iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo, plastiki ikamiminwa humo, ikatoka tayari. Faida nyingine kwao ni kwamba inafanana na skrini iliyozimwa, kwa hivyo skrini na plastiki huonekana kitu kimoja kikubwa cha kifahari. Kwenye picha. Kwenye picha ambayo hakuna aliyewahi kugusa kitu.

Sisi wa kompyuta vita hivi tumevipigana tayari. Mwaka 2006 Apple walitoa MacBook yenye skrini inayong'aa, na Oktoba 2008 MacBook Pro mpya ikaja hivyo hivyo. Waliofanya kazi karibu na dirisha walilalamika wakaonekana wazee. Basi mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza MacBook Pro yenye kioo kisichong'aa kama chaguo la ziada. Bei? Dola 150 juu ya bei ya kawaida. Ulichonyang'anywa ukirudishiwa, unakilipia. Wenye magari msisubiri mfikishwe huko.

Ulaya angalau mawazo yameanza kugeuka. Kwa kanuni zake za mwaka 2026, Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari, huyapunguzia alama magari yanayoficha ndani ya skrini vitu kama ishara za kukata kona, taa za hatari, honi na wapangusaji wa kioo. Hiyo ni habari ya vitufe, si ya mng'ao. Lakini chanzo ni kimoja: mtu amekaa ofisini akapamba mahali ambapo wewe unafanya kazi ya hatari kwa kilomita 100 kwa saa.

Haya, hoja za wapinzani. Nimezisikia zote, nyingi wakati wa chakula cha mchana kazini.

Ya kwanza: "Si ufute tu?" Ufute na nini? Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki yoyote iliyo ndani ya gari. Kila ukipitisha kitambaa kikavu unasugua mchanga juu ya plastiki. Unaisafisha kwa kuikwaruza. Halafu nenda pale unapooshewa gari, utazame kitambaa kinachoingia ndani kimetoka wapi. Kimetoka kwenye rimu. Kikimaliza na gia kinapakwa ile dawa ya kung'arisha ya silikoni ambayo inafanya kila kitu king'ae zaidi, kana kwamba shida yetu ilikuwa ni upungufu wa mng'ao. Na kumbuka magari yetu mengi hufika hapa yakiwa na miaka sita, saba, kwa sababu sheria inaruhusu hadi minane. Mwenye gari wa kwanza kule Japani ameshafuta miaka yote hiyo. Wewe unapokea mikwaruzo iliyokwisha kukomaa.

Ya pili: "Bandika ile filamu ya kinga, iliyo wazi." Inazuia mikwaruzo, kweli. Jua inaliachia lilivyo. Ukiweka kioo juu ya kioo bado una kioo.

Ya tatu ndiyo inayonipandisha presha: "Utaharibu bei ya kuuzia." Hii ni dini kamili hapa Kenya. Mtu ananunua gari kwa mkopo wa miaka minne, analitunza kwa ajili ya mtu asiyemjua atakayelinunua mwaka wa tano. Viti vina nailoni mpaka leo! Analiendesha kama mlinzi wa mali ya mwingine. Lakini tuchukue hesabu zake hizo hizo. Plastiki iliyofunikwa vinili haikwaruzwi, vinili ndiyo inayokwaruzwa. Siku ya kuuza unaibandua na chini kuna uso ule ule uliokuwa siku ulipoufunika. Gari la jirani yako aliyeogopa kugusa litakuwa na utando wa buibui uliokolea. Mnunuzi atapenda lipi?

Jambo hili linaweza kutenguliwa, na kwa mtu wa programu hilo ni nusu ya hoja. Nisingekwambia uipige msasa na kuipaka rangi ya kudumu, maana hapo huna njia ya kurudi. Vinili ni kama ngozi tulizokuwa tukibadilisha kwenye Winamp: chini yake programu ni ile ile. Hata serikali haina neno. Rangi ya nje ya gari imeandikwa kwenye logbook na ukiibadilisha lazima useme. Rangi ya mahali unapoweka kikombe cha chai haijaandikwa popote.

Na hii habari ya "acha kama kiwanda kilivyotoa" inanishangaza zaidi ikitoka kwa Mnairobi. Huu ni mji ambao hufunika matatu ya abiria thelathini na tatu kwa michoro kutoka bampa hadi bampa. Kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 na kuleta ule mstari wa manjano, michoro ilififia, ikarudi, na mafundi hawakusahau kazi. Mtu anayeweza kulaza vinili juu ya tako la basi bila kiputo kimoja ataogopa kifuniko cha gia? Ufundi upo, uko Nairobi, na kipande unachohitaji kwa mabaki ya kazi ya matatu ni kidogo mno kwake.

Sasa ufanyeje. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna vinili za aina mbili, na muuzaji asiyejua tofauti mkimbie. Moja hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola, kama chapati. Ni nene, ni rahisi, inafaa mabango na kuta bapa. Ukiivuta kwenye kona itakubali leo, kisha itarudi ilikotoka polepole, na baada ya miezi michache kingo zimejikunja zinaonyesha gundi chafu. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa. Ni nyembamba, haina kumbukumbu kubwa ya umbo lake la zamani, inalala kwenye mikunjo. Hiyo ndiyo ya gari. 3M na Avery Dennison wanazo, zenye vijia vidogo kwenye gundi vya kutolea hewa, na roli zake kwa kawaida zina upana wa mita 1.52. Nusu mita ya roli hiyo inatosha sehemu zote za katikati ya gari dogo na inabaki. Chukua nyeusi au kijivu kisichong'aa.

Na tafadhali, usichukue ile yenye mchoro wa nyuzi za kaboni. Nakuomba kama ndugu. Tumetoka kwenye piano ya uongo, tusiingie kwenye ndege ya kivita ya uongo.

Toa panelichi nje ya gari kama inatoka, na nyingi hutoka, zimeshikwa na klipu. Tumia kipande cha plastiki kuzikwanyua, si bisibisi. Kabla ya hapo zima gari na utoe ncha hasi ya betri. Ukikutana na waya zenye koti la manjano, acha, hizo ni za mifuko ya hewa. Kwa sababu hiyo hiyo usifunike kifuniko chochote chenye mfuko wa hewa nyuma yake, awe ni wa usukani au wa mbele ya abiria. Kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke kwa namna yake, nawe hutaki kukishonea shati.

Kisha osha. Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na lawama huenda kwa vinili. Ile silikoni ya kung'arishia niliyoitaja ni adui wa gundi. Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti mara mbili. Hakikisha spiriti haina mafuta, kwa maana baadhi ya zile za duka la dawa huchanganywa na mafuta ya mbarika, na hapo utakuwa umepaka ulichotaka kuondoa. Ukishamaliza utagundua kichekesho kimoja: ule ulaini unaotuudhi ndio unaoifanya gundi ishike vizuri. Plastiki yenye chembechembe za ngozi ni ngumu kuifunika. Hii yetu ni kama imeumbwa ifunikwe.

Laza kutoka katikati kwenda nje, ukisukuma hewa kwa kipande cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Kwenye kona tumia hewa ya moto, ile ya kukausha nywele inatosha kwa kuivuta. Mwishoni kingo zipashwe moto zaidi ili vinili isahau umbo la zamani, ila kwa uangalifu: plastiki ya ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, na ukiwa na mashine kubwa ya fundi unafika huko haraka kuliko unavyodhani. Panelichi ikipinda haitarudi kwenye klipu zake. Kingo zikunje kwenda nyuma milimita kadhaa. Ila kwenye matundu ya vitufe usikunje chochote, kata sawa na ukingo, la sivyo ule unene mdogo utakifanya kitufe kikwame kikibonyezwa.

Rangi ya kubandua, kama Plasti Dip, ina wapenzi wake wengi na ninawaelewa. Inaingia kwenye maumbo ambayo vinili ingelia, kwa mfano fremu za matundu ya hewa zenye mapindo matatu. Inatoka bila mng'ao. Lakini watu wanaitumia vibaya. Wanapuliza tabaka mbili nyembamba kwa kubana kopo, na siku ya kubandua inatoka vipande vidogo vidogo, wanakesha wakiparua kwa kucha. Inataka tabaka nne au zaidi, nene, kila moja ikipewa muda. Unene ndio unaoifanya itoke kama soksi. Na isipulizwe ndani ya gari hata siku moja. Viyeyushi vyake vinawaka moto na mvuke wake si wa kupumua ukiwa umejifungia. Panelichi isiyotoka nje ya gari haifai rangi hii, basi.

Pia ni mpira, na mpira una tabia zake. Weka mahali pasiposhikwa. Kwenye kishikio cha mlango, mafuta ya mkono na jasho vitaifanya ichakae na kukusanya uchafu, na ukitoka kushika pampu ya petroli ndio kabisa, petroli huilainisha. Ukitaka kujua mpira mlaini unavyozeeka kwenye joto na unyevu, mtafute mtu mwenye gari la mapema miaka ya 2000 lililopakwa ule utando laini wa kiwandani. Mwulize kama vitufe vyake havinati vidole kama ubuyu. Mombasa watakuwa na mengi ya kusema.

Siku ya kubandua vinili, ipashe moto kwanza na uivute polepole kwa kuilaza, usiing'oe kama plasta. Iliyokaa juani miaka mingi itaacha gundi, na gundi hutoka kwa spiriti na subira. Kama hutaki kazi hiyo, ibadilishe kila baada ya miaka michache. Kipande chenyewe ni kidogo.

Anza na ile sinia ya kuzunguka gia. Ndiyo iliyo bapa kuliko zote, ndiyo inayokupiga machoni kuliko zote, na mchana wa Jumamosi mmoja unatosha. Ukikwama kwenye klipu niandikie, utaje aina ya gari na mwaka. Wiki ijayo narudi kwenye PHP.